Mashimo Thelathini na Mawili



Bao hili lililo mezani si langu. Nimeliazima kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, mchezaji wa siku nyingi, naye kalitoa kwa sharti kwamba lirudi leo leo kabla ya magharibi, maana baraza lake halilali bila bao. Nilipomwambia kuwa nalitaka kwa mhadhara wa hesabu, alinitazama, akautazama na mfuko wa mchele niliokuwa nao mkononi, akaniuliza: "Sasa mwalimu, utacheza au utapika?"

"Nitahesabu tu, mzee wangu."

"Haya. Ila kete zangu ni sitini na nne. Zirudi sitini na nne."

Wachezaji waliomo humu wanajua, lakini kwa wengine niseme: bao la Kiswahili lina mistari minne, na kila mstari una mashimo manane. Mistari miwili ni yangu, miwili ni ya mpinzani. Jumla mashimo 32. Sheria yangu ya leo haihusiani na hatua za mchezo, kunamua wala kutakata. Shimo la kwanza, kwenye mstari wangu wa nyuma, natia kete moja. La pili mbili. La tatu nne, la nne nane, na hivyo hivyo, kila shimo maradufu ya lililotangulia, mpaka bao lijae.

Nilijaribu nyumbani kwa kete za mzee. Moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Hapo nimetumia 63, na mkononi imebaki moja. Kete zote za bao zimeishia shimo la sita, hata mstari mmoja sijaumaliza. Ndipo nilipoufungua ule mfuko wa mchele.

Punje za mchele sikuzihesabu zote, msinione sina kazi. Nilikwenda kwa sonara mmoja nikaomba anipimie, tukaona punje 50 za mchele ule zinakaribia gramu moja. Kwa kipimo hicho mstari wangu wa nyuma, punje 255, ni gramu tano, chakula cha shomoro. Mstari wa mbele unaanza na punje 256. Lile shimo la pembe nne tunaloliita nyumba linapata 4,096, na kichwa, yaani shimo la mwisho la mstari, kinapata 32,768. Upande wangu wote ni punje 65,535, kilo moja na gramu mia tatu hivi, yaani vibaba viwili kasoro kidogo. Familia ndogo inakula na kubakisha.

Sasa vuka upande wa mpinzani. Shimo lake la kwanza peke yake ni punje 65,536, punje moja zaidi ya upande wangu mzima. Hiyo ni tabia ya kurudufu, na iko kila mahali katika bao hili: shimo lolote linaizidi jumla ya yote yaliyolitangulia, kwa punje moja tu. Shimo la mwisho, la 32, lina punje 2,147,483,648, kiasi cha tani 43. Bao lote likijaa ni punje 4,294,967,295, karibu tani 86. Magunia 859 ya kilo mia mia, na mimi nimekuja na mfuko wa kilo mbili.

Namba hiyo ndiyo niliyokuja kuizungumza. Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na tano. Kuna namba kubwa kuliko hiyo ambazo sifa yake ni ukubwa tu, na hizo hazinivutii. Hii ina umbo, na umbo lake linaonekana kwa macho ukiwa na bao mbele yako.

Mwanafunzi ukimpa namba kama hii na kumwambia atafute vigawo vyake, atafanya alivyofundishwa. Tarakimu ya mwisho ni 5, basi inagawanyika kwa 5. Ajumlishe tarakimu zote: 4 na 2 na 9 na 4 na 9 na 6 na 7 na 2 na 9 na 5, anapata 57, na 57 inagawanyika kwa 3, basi na yenyewe inagawanyika kwa 3. Baada ya hapo anaingia msituni. Atajaribu 7, atajaribu 11, atajaribu 13, mpaka karatasi imwishie. Mimi nawaomba muiache kalamu. Tuligawe bao.

Utazameni upande wangu na upande wa mpinzani. Shimo langu la kwanza lina punje 1, la kwake la kwanza lina 65,536. Langu la pili lina 2, la kwake la pili lina 131,072, ambazo ni 65,536 mara mbili. Endeleeni shimo kwa shimo: kila shimo la kwake ni lile langu mara 65,536. Kwa hiyo upande wake wote ni upande wangu mara 65,536. Ukiongeza na upande wangu wenyewe, bao zima ni upande wangu mara 65,537. Kigawo kimoja hicho tumekipata, na hatujagawanya kitu.

Sasa msahauni mpinzani, tubaki na upande wangu. Nao una mistari miwili. Shimo la kwanza la mstari wa mbele lina 256, la nyuma lina 1. La pili 512, la nyuma 2. Hadithi ni ile ile: mstari wa mbele ni mstari wa nyuma mara 256, basi upande wangu wote ni mstari mmoja mara 257. Mstari mmoja nao ukate katikati, manne na manne. Manne ya kwanza ni 1, 2, 4, 8, jumla 15. Manne ya pili ni 16, 32, 64, 128, jumla 240, ambayo ni 15 mara 16. Mstari mzima basi ni 15 mara 17. Manne yale yakate mawili mawili: 1 na 2 ni 3, 4 na 8 ni 12. Mara 5. Na mawili ya mwisho ni 1 na 2, ambayo ni 3.

Tumelikunja bao mara tano, na kila mkunjo umetoa kigawo chake:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537.

Zote tano ni namba tasa. Huwezi kuzivunja zaidi. Msije mkadhani mikunjo ndiyo iliyolazimisha hilo. Mkunjo unakuhakikishia kuwa 257 ni kigawo, haukuhakikishii kuwa 257 haivunjiki. Kwamba zote tano zimetokea kuwa tasa ni bahati, na juu ya bahati hiyo watu wenye akili kuliko sisi walijikwaa.

Kabla sijafika huko, nikae kidogo na vigawo hivi. Kwa kuwa ni vitano na hakuna kinachojirudia, namba yetu ina vigawo 32 kwa jumla, ukihesabu 1 na yenyewe: kwa kila kigawo unachagua, uichukue 3 au uiache, uichukue 5 au uiache, na kuendelea. Mashimo 32, vigawo 32. Mnaweza kuviona vyote kwa kete. Chukueni karatasi mkifika nyumbani. Mstari wa kwanza chora kete moja. Kila mstari mpya, pembeni kushoto na kulia weka kete, na katikati angalia majirani wawili walio juu: wakitofautiana, mmoja kete na mwingine tupu, weka kete, wakifanana, acha tupu. Mtapata kete moja, kisha mbili, kisha kete, tupu, kete, kisha kete nne, kisha kete mbili zenye mapengo matatu katikati. Zisomeni kama mashimo ya bao langu, yenye thamani 1, 2, 4, 8, 16, na namba zinazotoka ni 1, 3, 5, 15, 17. Mstari unaofuata ni 51, kisha 85, kisha 255. Kwa mpangilio, bila kuruka hata kimoja, hivyo ndivyo vigawo vya namba yetu. Mstari wa 32 una kete 32 bila pengo, nao ni namba yenyewe. Nilipolifanya hili mara ya kwanza nililifanya tena, sikuamini.

Jambo jingine. Ukihesabu namba zote kuanzia 1 hadi hii yetu ambazo hazina kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1, unapata ngapi? Kwa namba tasa jibu ni rahisi, ni zote zilizo chini yake: 3 ina mbili, 5 ina nne, 17 ina kumi na sita, 257 ina 256, na 65,537 ina 65,536. Kwa namba iliyojengwa kwa tasa zisizojirudia, unazizidisha hizo: 2 × 4 × 16 × 256 × 65,536. Inatoka 2,147,483,648. Wale mliokuwa makini mmeshaitambua. Ni punje zilizomo katika shimo la 32.

Hiyo si chemshabongo ya kupitisha jioni. Mwaka 1796, tarehe 30 Machi, kijana wa Kijerumani aitwaye Carl Friedrich Gauss, akiwa bado mwezi mmoja kutimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo la pembe 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Wagiriki wa kale waliweza pembetatu, pembetano, na pembe 15. Zaidi ya hapo, ukiacha kurudufu, kwa miaka elfu mbili hakuna aliyeongeza kitu. Katika kitabu chake cha 1801, Disquisitiones Arithmeticae, Gauss alitoa kanuni, na Mfaransa Pierre Wantzel mwaka 1837 akaufunga mlango wa upande wa pili kwa uthibitisho. Kanuni yenyewe kwa lugha ya bao ni hii: chukua namba ya pembe unazotaka, hesabu namba zisizoshirikiana nayo kigawo kama tulivyofanya, na ukipata moja ya namba za mashimo yetu, 1, 2, 4, 8 na kuendelea, umbo linachorwa. Ukipata kingine, halichoreki, hata uwe na bikari ya dhahabu. Pembe saba hazichoreki, kwa sababu 7 inatoa 6, na hakuna shimo lenye punje 6.

Kwa hiyo vigawo 31 vya namba yetu, ukiondoa 1, ndivyo vyote tunavyovijua vya idadi witiri ya pembe inayochoreka kwa rula na bikari. Hakuna kingine kilichopatikana. Na kikubwa kuliko vyote ni 4,294,967,295 yenyewe. Umbo hilo ukilizungushia dunia kwenye ikweta, likapita Nanyuki na kuvuka Kongo na bahari zote zilizo njiani mpaka lirudi Nanyuki, kila upande wake ungekuwa na urefu wa milimita tisa na kidogo, hauifikii hata kete moja ya komwe. Kulichora hakuna aliyejaribu. Lakini la pembe 65,537 yupo aliyelihangaikia: Mjerumani Johann Hermes, aliyetumia miaka kumi na kumaliza 1894. Makaratasi yake yamewekwa Göttingen katika sanduku. Mimi namheshimu Hermes, ila nawahurumia watu wa nyumbani kwake.

Sasa turudi kwenye bahati. Pierre de Fermat alikuwa hakimu wa Toulouse, Ufaransa, na hesabu zilikuwa mchezo wake wa jioni kama bao lilivyo kwetu. Mwaka 1640 aliziandika namba zile zile zinazotoka katika mikunjo: 3, 5, 17, 257, 65,537. Kila moja ni punje za shimo fulani kuongeza moja. Aliona zote ni tasa, akasema anaamini kwamba mkunjo wowote utakaofuata utatoa namba tasa, bila mwisho. Hakuwa na uthibitisho, na alikiri hivyo. Mkunjo unaofuata unatoa 4,294,967,297. Itazameni: ni namba yetu kuongeza mbili. Ni jirani tu, anakaa nyumba ya pili.

Karibu miaka tisini dai hilo likakaa. Desemba 1729 Christian Goldbach alimuuliza Leonhard Euler, kijana wa Kiswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, kama analijua dai la Fermat. Mwaka 1732 Euler akatoa jibu: 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417. Si tasa.

Watu husimulia kana kwamba Euler alikuwa mashine ya kugawanya. Kilichomsaidia ni kujua wapi asipoteze muda. Kigawo chochote tasa cha namba hiyo, ukikipunguza moja, lazima kigawanyike kwa 64. Haya, kete za mzee hizo zimerudi. Hesabu kwa kuruka 64: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano ndiyo. Kwa mtu anayejua njia, ni kazi ya asubuhi moja na kikombe cha kahawa.

Na kuhakikisha kwamba 641 inaingia hakuhitaji hata kugawanya. Nifuateni polepole. Namba 640 ni 641 kasoro moja. Ukiizidisha 640 kwa yenyewe mpaka kipeo cha nne, kisha ukaigawa kwa 641, kile kisicho kasoro moja kinaishia, na kasoro moja ikizidishwa yenyewe mara nne inakuwa moja kamili. Basi baki ni 1. Lakini 640 ni 5 mara 128, kwa hiyo kipeo chake cha nne ni 625 mara 268,435,456. Na 625 nayo ni 641 kasoro 16. Kwa njia hii ya pili baki ni kasoro 16 mara 268,435,456, yaani kasoro 4,294,967,296. Kitu ni kile kile, baki mbili: jumlisha moja, na kasoro 4,294,967,296. Tofauti ya baki hizo lazima igawanyike kwa 641 bila kubakisha, na tofauti yake ni 4,294,967,297. Fermat alikuwa na kila chombo cha kuliona hili. Hakuliona, na mimi humpenda zaidi kwa kosa hilo kuliko kwa mambo mengine aliyopatia.

Nina hakika wapo humu wanaosema moyoni: mwalimu, hizo ni namba za watu waliokufa. Lakini mfukoni mwenu, ndani ya simu, mna bao. Kompyuta huhesabu kwa vijishimo vyenye hali mbili tu, tupu au kete, na kwa miaka mingi mashimo 32 ndiyo yaliyokuwa kipimo cha kawaida cha kuhifadhia namba moja. Kete ikijaa katika mashimo yote, namba iliyomo ni 4,294,967,295, na hakuna kubwa kuliko hiyo. Ongeza moja, bao lote linafutika na kubaki sifuri. Mwaka 1981 walipopanga anwani za intaneti walizipa mashimo 32, wakayagawa mistari minne ya manane manane. Nasema kweli, ni bao hili hili. Kila mstari unaandikwa kwa namba yake kuanzia 0 hadi 255. Ile 192.168.1.1 ambayo wengi mmeiandika mkitengeneza intaneti ya nyumbani ni kete saba: mstari wa mbali kabisa una kete mbili, kwenye shimo la 128 na la 64, unaofuata una tatu, kwenye 128, 32 na 8, miwili iliyobaki ina moja moja. Na 255.255.255.255 ni bao lililojaa. Anwani bilioni nne na ushei zilionekana nyingi wakati ule. Februari 2011 mafungu ya mwisho ya ghala kuu la dunia yaligawiwa, yakaisha.

Bao likijaa hutokea vituko. Windows 95 na Windows 98 zilikuwa na saa ya ndani iliyohesabu sehemu za elfu moja za sekunde katika mashimo 32, na mashimo hayo hujaa baada ya siku 49 na saa 17 hivi. Kompyuta ikiachwa ikiwaka mfululizo muda huo, iliweza kuganda. Kosa hilo lilichelewa kuonekana, na sababu yake mnaweza kuikisia: nani aliwahi kuiona Windows 95 ikikaa siku 49 bila kuzimwa? Vifaa vinavyohesabu sekunde kuanzia mwanzo wa 1970 katika mashimo 32 yote vitajaa tarehe 7 Februari 2106. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki itakuwa saa tatu na dakika 28 asubuhi, na sekunde 15.

Na 65,537, kigawo chetu kikubwa, inafanya kazi mara nyingi mnapoingia kwenye tovuti ya benki. Katika mbinu ya kufunga siri waliyoitunga Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977, ujumbe hupandishwa kipeo kikubwa. Kipeo kinachotumiwa zaidi ni 65,537. Ni tasa, na kwenye bao ni kete mbili tu, ya shimo la kwanza na ya shimo la 17, kwa hiyo kompyuta inazidisha mara 17 badala ya mara elfu sitini na tano. Bikari ya Gauss haiko humo, ila namba ni ile ile.

Kuhusu kurudufu kwa punje, mnayo ile hadithi ya sataranji, ya mtu aliyemwomba mfalme ngano kwa hesabu hii. Sataranji ina nyumba 64, yaani mabao mawili yamewekwa pamoja. Al-Biruni, miaka elfu moja iliyopita, aliihesabu jumla yake bila kukosea: 18,446,744,073,709,551,615. Kwa mchele wangu wa sonara ni mavuno ya dunia nzima ya kama miaka mia saba. Likunjeni bao hilo kubwa: bao la pili ni la kwanza mara 4,294,967,296, basi jumla ni namba yetu mara 4,294,967,297. Namba ya al-Biruni ni namba yetu mara ile ya Euler. Vigawo vyake tasa ni 3, 5, 17, 257, 65,537, 641 na 6,700,417, na pale kwenye 641 ndipo mstari mnyoofu unapopinda. Ungepinda mapema zaidi, bao la mzee lisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Tangu Euler watu wameendelea kukunja. Mkunjo wa saba, tukihesabu ule wa 3 kuwa wa kwanza, ulivunjwa 1880 na Mfaransa Fortuné Landry, akiwa na umri wa miaka 82: ni 274,177 mara 67,280,421,310,721. Kuanzia mkunjo wa sita mpaka wa thelathini na tatu, hakuna hata mmoja uliotoa namba tasa. Wa thelathini na nne haujaamuliwa. Namba yake ina tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu.

Jana nilimsimulia mzee mwenye bao mambo haya, naye akashika palipo pagumu. Nilikuwa nimemwambia kwamba mkunjo wa ishirini na moja unatoa namba ya tarakimu 315,653, kwamba tunajua si tasa, na kwamba hakuna mtu anayejua kigawo chake hata kimoja. Akaweka kahawa chini. "Kama kigawo hamkijui, mmejuaje kuwa kipo?"

Njia ilitolewa na Théophile Pépin, Mfaransa, mwaka 1877. Chukua namba ya mkunjo wowote baada ya wa kwanza, iwe 17. Punguza moja, gawa kwa mbili, unapata 8. Pandisha 3 kwa kipeo cha 8: 6,561. Ongeza moja: 6,562. Kama namba yako ni tasa, jumla hiyo lazima igawanyike nayo, na kama si tasa haigawanyiki kamwe. Na kweli, 17 mara 386 ni 6,562. Kwa ule mkunjo wa ishirini na moja kompyuta ilifanya hesabu hiyo hiyo miaka ya themanini, na ikabaki salio. Ni kama kubisha hodi mlangoni, ukasikia mtu akikohoa ndani. Huna jina lake, hujauona uso wake, lakini nyumba haiko tupu.

Mzee alichukua karatasi, akahesabu 3 kwa kipeo cha 8 mwenyewe, akaongeza moja, akagawa kwa 17, ikatoka 386 na hakikubaki kitu. Akaniomba nimfanyie na 257. Tulifika katikati ya kipeo cha 128 adhana ikatukata.